Nimemtengenezea mwanangu gari la waya, kaniuliza rimoti iko wapi

Mama mshauri, shikamoo.

Nyumbani kwangu kuna ugomvi ambao nikiusimulia kazini watu wanacheka, lakini mimi na mama watoto hatucheki. Tunagombania midoli ya watoto.

Mimi nimekulia Korogwe, kwenye kambi ya mkonge. Marehemu baba alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Sijawahi kununuliwa kitu cha kuchezea hata kimoja, na sikumbuki kama niliwahi kuliona hilo ni tatizo. Tulijitengenezea wenyewe. Mwaka 1997, nikiwa darasa la nne, nilikuwa na gari ambalo kambi nzima walilijua. Bodi nililichonga kwenye mlingoti wa mkonge, maana mlingoti ukishakauka ni mwepesi na hata kisu kibutu kinauweza. Matairi ni ndala zilizokatika: unaweka mfuniko wa kopo la dawa ya viatu juu ya ndala, unazungushia msumari kuchora, halafu unakata kwa wembe. Tairi zikipishana ukubwa gari linachechemea, kwa hiyo unakata, unapima, unasugua kwenye saruji mpaka zilingane. Ekseli ni spoku za baiskeli. Usukani ni waya wa seng'enge uliokunjwa duara na kufungwa kwenye fito ndefu, ili uendeshe umesimama. Kupata waya peke yake ilikuwa kazi. Unamvizia fundi anayerekebisha uzio, unamwomba, anakufukuza, unarudi jioni kuokota vipande. Taa ni vizibo vya soda, na ukiweka vya rangi mbili tofauti wanakucheka. Likishakamilika unaliendesha mpaka barabarani na kurudi, breki unapiga kwa mdomo.

Mpira nao tulifunga wenyewe kwa mifuko ya rambo na nyuzi za katani. Katani hatukukosa.

Sasa nina watoto wawili, wa kiume ana miaka mitano, wa kike anakaribia mitatu. Tunaishi Kimara, nyumba ina ukuta na geti. Sebule yangu imejaa gari la rimoti, roboti linaloimba kwa lugha nisiyoijua, na simu ya bandia inayolia saa nane za usiku bila kuguswa na mtu. Nusu inatoka Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ambako mama watoto lazima apite mwisho wa mwezi. Nusu nyingine anatuma shemeji yangu anayefanya kazi Muscat. Kitu kikimaliza wiki mbili kizima tunashukuru. Kikiharibika mtoto anakisukumia chini ya kochi na kudai kingine. Kisipopatikana anataka kishikwambi.

Pasaka nilikaa chini nikamtengenezea gari. Nilinunua waya duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua plaizi, na kwa kuwa nyumbani hakuna ndala zilizokatika, nikanunua ndala mpya nikazikata. (Mama watoto alinitazama tu.) Nilishinda nalo barazani kutwa nzima. Mwanangu alikuja mara mbili tatu akitaka kushika plaizi, nikamwambia asubiri, atajikata. Jioni nikamkabidhi. Alilisukuma kidogo, akalizunguka, akaniuliza: "Baba, rimoti yake iko wapi?" Nikamwonyesha usukani. Akaliendesha mpaka getini, akaliacha pale pale, akaingia ndani kuangalia katuni.

Iliniuma sana, mama. Wiki iliyofuata nilijaza nusu ya midoli kwenye kiroba nikampa mlinzi wa jirani awapelekee wanawe. Nikaleta gololi, kopo zima, nikasema sasa humu ndani watu watajifunza kucheza. Mama watoto akazimwaga kwenye pipa la taka siku hiyo hiyo, eti mdogo atameza. Hapo ndipo tulipogombana hasa. Aliniambia: "Wewe unaukumbuka umaskini kwa sababu ulikuwa unauchezea. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni." Yeye amekulia Kondoa, mtoto wa kwanza wa kike kwenye nyumba ya watoto saba. Anasema dukani mjini kulikuwa na mwanasesere mwenye nywele za njano amewekwa juu kabisa ya kabati, na kila akitumwa chumvi alikuwa anamtazama yeye. Kwa hiyo wanawe, anasema, hawatatazama kitu juu ya kabati la mtu.

Mimi bado naona niko sahihi. Nifanyeje mwanangu apende vitu vya kutengeneza kwa mikono kabla hajaharibika kabisa? Niondoe midoli yote na kishikwambi kwa mkupuo mmoja ili azoee? Na mama watoto nimweleweshe vipi?

Baba wa wawili, Kimara, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, baba wa wawili.

Maelezo yako ya gari la Korogwe ni mazuri kiasi kwamba mtu anaweza kuyafuata akalitengeneza. Hebu yasome tena. Karibu yote ni kuchonga, kukata, kupima, kumvizia fundi wa uzio. Kuendesha umekupa sentensi moja tu, mpaka barabarani na kurudi. Sasa tazama ilivyokuwa Pasaka. Kuchonga, kukata na kupima ulifanya wewe, ukamwachia mwanao ile sentensi moja. Alikuja kuomba plaizi ukamwambia asubiri. Alipopewa gari lililokwisha, alilifanyia kile ambacho hata wewe ungelifanyia gari la mwenzako pale kambini: akazunguka nalo kidogo, akaliacha.

Na swali la rimoti lisikuume. Mtoto kaona gari geni, kauliza linaendeshwaje. Hata fundi gereji anaanzia hapo. Ungemjibu kwamba rimoti ni wewe mwenyewe, pengine mngecheka mkaendelea.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo, nalo ni umri. Ulikuwa darasa la nne. Mtoto wa darasa la nne ana miaka kumi hivi, na miaka ile wengi wetu tulianza shule tumechelewa, kwa hiyo pengine ulikuwa na kumi na moja au kumi na mbili. Mwanao ana mitano. Wewe ulipokuwa na mitano hukuwa na gari lolote lililojulikana na kambi. Ulikuwa yule mtoto anayekimbia nyuma ya gari la wakubwa, anayetumwa kuokota vizibo, anayeambiwa arudi nyumbani na harudi. Nabahatisha, ila sidhani kama nabahatisha mbali. Tunakumbuka miaka tuliyokuwa mabingwa, ile ya kufuata mkia inafutika.

Sasa nikuulize. Ujanja wa kuchora tairi kwa mfuniko wa dawa ya viatu alikufundisha nani? Hukusema. Baba yako alikuwa kwenye korona tangu alfajiri, kwa hiyo sidhani kama ni yeye. Alikufundisha mtoto mwenzako aliyekuzidi miaka miwili au mitatu, ambaye naye alifundishwa hivyo hivyo. Michezo yetu karibu yote ilipita kwa njia hiyo. Mdako, rede, gololi, kombolela: mzazi gani alikaa chini akamfundisha mwanawe? Wa darasa la tano anamfundisha wa darasa la pili, huyu anakosea, anatolewa, anakasirika, kesho yupo tena. Ndiyo maana sheria za mdako zinabadilika mtaa hadi mtaa na kila mtaa unaapa kwamba za kwao ndizo zenyewe. Kwenye kombolela, aliyejificha akilifikia kopo kabla ya mtafutaji na kulipiga teke, wote waliokamatwa wako huru. Wa miaka mitano anaruhusiwa kukimbia na wenzake lakini hahesabiwi. Anajificha nyuma ya mtu ambaye naye amejificha, anacheka, anawaponza wote, anafokewa. Mwaka mzima anacheza hivyo, na siku moja anahesabiwa.

Mwanao wakubwa wake wako wapi? Watoto wa Kimara ninaowajua mimi wanachukuliwa na basi la shule kabla hakujapambazuka vizuri, wanarudi wamechoka, geti linafungwa. Dada yake bado mdogo. Mtoto mkubwa pekee anayeingia ndani ya ukuta wenu yumo kwenye kishikwambi, yule wa nchi za mbali anayefungua maboksi ya midoli huku anashangilia. Mwanao anamwiga huyo. Anafungua, anashangilia, anasukumia chini ya kochi, anadai kingine. Kajifunza mchezo wa mkubwa aliyenaye, na kaujua vizuri. Angekuwa karibu na vijana wawili wa darasa la nne wanaokata ndala, angetaka kukata ndala.

Kwa hiyo unaposema "kabla hajaharibika" mimi sioni kilichoharibika. Naona mtoto asiye na wakubwa, na hilo huwezi kulitibu kwa kutengeneza gari la pili zuri kuliko la kwanza. Wewe pia huwezi kuwa huyo mkubwa. Baba akishika waya, mtoto anajua kuna mtu mzima anayemtazama usoni kuona kama amefurahi, na mtoto yeyote anayetazamwa hivyo anakimbilia katuni. Wale vijana wa Korogwe hawakujali hata kidogo kama ulifurahi.

Sasa mama watoto. Hapo umeniuliza jinsi ya kumwelewesha, nami naona yeye ndiye mwenye la kukueleza. Alichokuambia ugomvini kina uzito kuliko barua yako yote, usione vibaya nikisema hivyo. Mkumbuke mtoto wa kwanza wa kike kwenye nyumba ya watoto saba. Anakwenda kwenye rede na mdogo wake mgongoni. Zamu yake ikifika anamfungua, anampa mwenzake amshike, anaingia katikati kukwepa mpira. Akipigwa anatoka, anafunga kanga, anambeba tena. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake ya kucheza. Wakati wewe unasugua matairi kwenye saruji mpaka yalingane, kuna mtu alikuwa anateka maji ya kambi. Kama una dada, mpigie simu umuulize alikuwa na gari gani. Usishangae akikata simu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa 1989, ibara ya 31, unataja kucheza kuwa haki, na Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wewe hujachonga hata tairi moja. Baadaye Sheria ya Mtoto ya 2009 ikakutaja kucheza na kupumzika pamoja na chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu katika yale ambayo mzazi anawajibika kwayo. Hakuna aliyemsomea mkeo ibara hizo akiwa na mtoto mgongoni. Anajisomea mwenyewe sasa, kila mwisho wa mwezi, Mtaa wa Kongo. Roboti linaloimba linaweza kuwa takataka kwako, na mimi nakubali kwamba lingine ni takataka kweli, lakini yeye ananunua kitu ambacho wewe hukuwahi kukikosa, kwa sababu ulikuwa na muda. Kumbukumbu yako isiwe ndiyo sheria ya nyumba na yake iwe tabia mbaya ya matumizi.

Muulize pia alichezea nini, maana hata aliyebeba mtoto alipata dakika zake. Wasichana wengi wa bara walitengeneza mwanasesere wa gunzi la mahindi, nywele ni zile ndevu za hindi, wanazisuka zikiwa bado mbichi kabla hazijakauka na kukatika. Huenda anajua kusuka hizo kuliko unavyojua wewe kukata tairi. Ukiuliza, uliza kwa kutaka kujua. Usiulize ili upate ushahidi.

Ile midoli uliyojaza kwenye kiroba ilikuwa ya mtoto. Angegawa yeye plaizi yako kwa mlinzi wa jirani ungesema hana adabu. Usiidai, watoto wa mlinzi wameshaizoea. Ila nendeni Kariakoo wote wanne, asubuhi kabla hakujajaa, mama watoto achague kitu kimoja, wewe ushike mkoba. Na akisimama mbele ya mwanasesere mwenye nywele za njano, lipa, usiulize ni wa mtoto au wa nani.

Kuhusu gololi, mkeo yuko sahihi na sina la kuongeza upande wako. Mtoto ambaye hajafika miaka mitatu anajua dunia kwa mdomo. Kipimo chepesi: chukua kile kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni, kitu chochote kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Gololi inapita. Vizibo vya taa za gari lako navyo vinapita, kwa hiyo na wewe ukae macho. Ila kuna hatari hujaitaja iliyomo kwenye midoli mliyobaki nayo. Vile vinavyoimba na kuwaka, na hata simu inayolia saa nane za usiku, vingi vinatumia betri ndogo za duara, bapa kama kifungo. Mtoto akimeza ile na ikanasa, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili, na mwanzoni unaweza usione dalili kubwa. Kagua leo usiku kila kimoja: kifuniko cha betri kiwe na skrubu, na skrubu iwe imekaza. Kisicho na skrubu kitoe betri. Ukihisi amemeza, usimtapishe, mkimbize hospitali. Kama kuna kiroba cha kujaza humo ndani, kianze na hivyo.

Kishikwambi usikiondoe kwa mkupuo. Utakiondoa Jumapili, Jumanne utakuwa umekirudisha kwa sababu ya kelele, na mtoto atakuwa amejifunza kwamba kelele zinalipa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka mitano: wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Wa miaka 3 na 4 anatakiwa awe kwenye mwendo kwa dakika 180 kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Binti yako yumo kwenye mwongozo huo moja kwa moja. Kaka yake ameupita juzi juzi, lakini saa moja inamtosha hata yeye. Pangeni saa hiyo iwe ile ambayo dada wa kazi anapika au mmoja wenu anaoga, muda ambao kweli mnahitaji atulie. Wengi wanakitoa kishikwambi wakati mtoto amekaa kimya hana la kufanya, na hapo ndipo wanapomnyang'anya wakati wake mzuri. Mwache aseme hana la kufanya. Alale sakafuni, azunguke, alalamike. Nusu saa baadaye utamkuta ana kitu mkononi, pengine kisu cha jikoni, kwa hiyo usiende mbali.

Waya na plaizi viweke kwa sasa, havimfai wa miaka mitano bila mtu, na ncha za waya uliokatwa zinachoma macho. Badala yake vuta vile vilivyo chini ya kochi. Gari la rimoti lililokufa lina matairi manne yaliyolingana, jambo ambalo wewe ulisugua saruji kulipata. Kaa naye mlifungue, wewe ukilegeza skrubu, yeye akizitoa na kuziweka kwenye kisosi, na mdogo awe amelala. Mwonyeshe mota ilipo. Halafu mpe matairi yale, boksi la dawa ya meno, na spoku ambazo umeshazikata na kukunja ncha zake. Usimwambie atengeneze nini. Likitoka gari, sawa. Likitoka jengo lenye matairi, ambalo anasema ni hospitali, nalo sawa, na usilinyooshe. Chake kitakuwa kibaya, kitachechemea, na atakibeba mpaka kitandani. Utaona pia kwamba midoli ya mama watoto ikishakufa ndiyo malighafi yako, kwa hiyo mna sababu moja zaidi ya kutogombana.

Nguvu kubwa zaidi itumie getini. Kimara kila nyumba ya tatu inajengwa. Lazima kuna rundo la mchanga karibu, lako au la jirani, na sijaona mtoto aliyelishinda rundo la mchanga. Zungumza na mwenye mchanga, mwahidi utaukusanya jioni kwa koleo. Jumamosi fungua geti, kaa kibarazani na gazeti lako, waje watoto wa mtaa wa umri wowote, na hasa wale wakubwa ambao wazazi wenye kuta huwaogopa. Watagombana. Mmoja atamrushia mwanao mchanga. Usiinuke mpaka uone damu au usikie neno "mama" likiitwa kwa namna ile ambayo mzazi anaijua. Gari lako la Pasaka liache pale mlangoni bila kusema neno, maana kijana wa darasa la nne akiliona ataligeuza, atauliza nani kalitengeneza, na atasema tairi za nyuma umekosea. Hapo mwanao ataanza kulitaka.

Na likizo ya Juni, kama bado una ndugu Korogwe, mpeleke. Usitegemee kuikuta 1997 imekaa inakusubiri. Vijana wa huko nao wana simu, na mifuko ya rambo hutaiona, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo chandimu siku hizi ni ya matambara, makaratasi na soksi. Milingoti ipo, katani ipo, na nafasi ya kukimbia ipo. Kabla hujakata tiketi, piga simu uulize kwenye nyumba hiyo kuna watoto wa darasa la ngapi. Kama wote ni wadogo kama yeye, tafuta nyumba ya ndugu mwingine.